Mdogo wangu amenibloki, nimpateje?

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, kifungua mimba katika familia ya watoto wanne. Ninayekuandikia habari zake ni kitinda mimba wetu, mdogo wangu wa kiume, ambaye nilimbeba mgongoni nikiwa darasa la tano. Amenibloki. Leo ni wiki ya tisa.

Nikueleze nilivyojua. Jumapili moja nilimpigia, simu ikaita mara moja tu, tena nusu mlio, halafu yule mama wa kwenye mtandao akaanza na yake: namba unayopiga haipatikani. Nikasema labda chaji imekwisha. Jumatatu ikawa vilevile, Jumanne vilevile. Nikahamia WhatsApp, ujumbe ukakaa na tiki moja. Picha yake, ile aliyovaa kofia nyekundu, ikageuka kichwa cha kijivu kisicho na sura. Pale juu panapoonyesha mtu alionekana saa ngapi pakawa patupu. Nikamuuliza mdogo wetu wa kati, akasema, "Mbona nimetoka kuongea naye sasa hivi? Anacheka tu."

Basi nikachukua simu ya mwanangu, ana miaka 16. Sikumwambia ya nini. Nikapiga, ikaita vizuri kabisa, akapokea: "Niambie mjomba!" Ile sauti ya furaha sikuwa nimeisikia siku nyingi. Nikasema, "Ni mimi dada yako, usikate." Kimya. Nilisikia redio upande wake, mtu anatangaza mpira, kisha ikakatika. Kufika jioni namba ya mwanangu nayo imefungiwa. Mtoto hakunisemesha siku mbili.

Chanzo ni kwamba alinikopa pesa na amekaa nazo zaidi ya mwaka. Siku hiyo kwenye grupu la familia alikuwa anawashauri watu namna ya kupanga matumizi, nami nikaweka hapo picha ya skrini ya mazungumzo yetu, pale alipokuwa ananiomba, kumkumbusha kwa utani. Watu wakacheka. Ndiyo hiyo tu. Grupu lina watu 34, na wengine ni wakwe zake, labda hapo ndipo alipoona vibaya.

Sasa mama yetu atafanyiwa upasuaji wa jicho mwezi ujao na kuna mambo ya kupanga. Nimeshanunua laini mpya. Mfanyakazi mwenzangu amenifundisha kuweka #31# mbele ya namba ili yangu isionekane, na anasema ipo programu inayoweza kuonyesha namba ya mtu mwingine kabisa. Mume wangu anasema niache, lakini naona nikiacha ni kama nimekubali kwamba hatuna undugu. Nipe njia ya kumpata, Bibi. Si pesa ninayoitafuta. Nikipata dakika tano tu nitamweleza.

Wako,
Dada Mkubwa

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Habari ya simu umeieleza hadi ile kofia nyekundu naiona. Habari ya ile picha ya skrini umeipitia mbio ukamalizia na "ndiyo hiyo tu". Hapo nitarudi. Kwanza nikujibu ulichouliza, maana barua za namna hii napata nyingi, na wengi wanaoniandikia kwamba wameblokiwa hawajablokiwa.

Tiki moja peke yake haithibitishi kitu. Mtu akizima simu, akiishiwa bando, akiibiwa simu, tiki ni moja. Picha kupotea nako kunaweza kutokana na mipangilio tu: wapo walioruhusu picha ionekane na waliohifadhiwa kwenye simu zao, na yeye huenda amekufuta huko bila kukubloki. WhatsApp wenyewe wanasema wameacha dalili hizi zisiwe wazi kwa makusudi, ili aliyembloki mwenzake asijulikane kirahisi. Hata simu ya kawaida inayokatika baada ya mlio mmoja inaweza kuwa ni mtandao, au mtu ameweka simu yake isimsumbue.

Hapo kwenye kutosumbuliwa pana jambo wengi hawalijui. Simu iliyowekwa isisumbue mara nyingi huwa imeachiwa upenyo: ukipiga tena baada ya muda mfupi, ile ya pili inaita, kwa kudhani huenda una dharura. Kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3, kwenye Android ni ndani ya dakika 15. Aliyeblokiwa hana upenyo huo. Apige mara mbili au mara hamsini, kwa mwenzake ni kimya kilekile. Kwa hiyo wale wanaopiga mfululizo wakiamini ya arobaini itapenya, wanajichosha vidole.

Wewe lakini huna haja ya dalili. Ulipiga kwa namba nyingine ikaita, akapokea, akasikia ni wewe, akakata, na namba hiyo ikafungwa siku hiyohiyo. Umeblokiwa, na mara ya pili amekubloki baada ya kuisikia sauti yako.

Sasa hizo njia zako. #31# ipo na kwenye mitandao mingi inafanya kazi, na kule Marekani na Kanada wao hutumia *67. Simu ya mwenzako itaita na kuonyesha kwamba namba imefichwa. Lakini wewe mwenyewe hupokea namba zilizofichwa? Simu nyingi siku hizi zina sehemu ya kuzikataa zote kwa mpigo. iPhone tangu mwaka 2019 zinaweza kunyamazisha kila namba ambayo haijahifadhiwa, na hapo laini yako mpya inaingia kwenye kapu hilohilo. Na kuficha namba ni kumfichia mpigiwa tu. Kampuni ya simu inajua fika nani kampigia nani saa ngapi, siku ikihitajika itatajwa.

Ile programu ya kuonyesha namba ya mtu mwingine usiiguse. Hiyo ni zana ya matapeli, na mwenye namba utakayoiazima hajui kwamba jina lake linatumika kwenye ugomvi wenu. Zipo nchi ambako kumtafuta kwa nguvu mtu aliyekukataa ni kosa la kisheria, na hawasubiri ufike mara mia. Uingereza, kwa sheria yao ya mwaka 1997, mwenendo wa kusumbua unaweza kuhesabika kuanzia matukio mawili. Najua wewe si mhalifu, ni dada mwenye uchungu. Lakini simu ikiita mfukoni mwake haimwambii una uchungu kiasi gani, inamwambia tu kwamba alifunga na umeingia.

Nikupe la kwangu. Niliwahi kumbloki mtu, ndugu wa karibu, miezi minane. Akawa ananipigia kila wiki kwa namba mpya. Ikafika mahali namba yoyote nisiyoijua ikiita, tumbo linaninyonga. Nikaacha kupokea wageni wote. Siku moja fundi bomba alisimama nje ya geti langu karibu nusu saa ananipigia, nami nimekaa sebuleni naitazama simu inavyotetemeka mezani, sebule yenyewe inaanza kuingia maji. Baadaye yule ndugu akachoka, au akaonywa, sijui. Akanyamaza. Wiki ya sita ya kimya chake nilijikuta namfungua, hakuna aliyeniomba. Angeendelea kupiga ningekuwa nimembloki hadi leo, maana kila namba mpya ilinikumbusha sababu ya kumfunga.

Turudi kwenye grupu. Unasema ulikuwa utani. Mtu mzima wa miaka thelathini, anazungumza mbele ya wakwe zake, wanamsikiliza, labda kwa mara ya kwanza wanamwona ana la maana, halafu dada yake aliyembeba mgongoni anabandika hapo maneno aliyoyaandika kwa unyonge akiomba pesa. Maneno yake mwenyewe, kwa namna yake ya kuandika, na saa aliyoyatuma. Mwanangu, utani hauhitaji ushahidi. Ungetaka kutania ungesema, "Mwalimu, na deni langu liko ukurasa wa ngapi?" watu wakacheka, naye akacheka nao. Wewe ulileta kielelezo kama uko mahakamani. Siku hiyo ulikuwa na hasira za mwaka mzima, na pengine ulikuwa na haki ya kuwa nazo, maana deni ni deni. Hasira semeni wawili, si watu 34.

Sisemi naye kafanya vema. Kumfungia dada wiki tisa bila neno moja la kusema kwa nini, ni ukali. Lakini hajaniandikia yeye, umeniandikia wewe.

Na mambo ya teknolojia yana kejeli yake hapa. WhatsApp inakuruhusu kufuta ujumbe kwa watu wote ndani ya siku mbili na ushee tu. Wiki tisa zimepita. Ile picha bado iko kwenye grupu, na kila mtu mwenye kidole anaweza kupandisha juu akaisoma. Wakati huohuo kumbloki mtu hakumtoi kwenye grupu mlilomo wote wawili. Anachoandika unakiona, unachoandika anakiona. Tangu siku ile wiki hizi zote umekuwa ukiandika nini humo? Kama ni salamu za asubuhi na picha za maua, basi ameziona zote, na ameona pia kwamba hujasema neno kuhusu ile picha.

Kwa hiyo njia ya kumfikia unayo tangu mwanzo, ila haipiti kwenye simu yake. Uliyoyaharibu mbele ya watu uyatengeneze mbele ya watu haohao. Andika kwenye grupu, mara moja, kifupi:

"Ndugu zangu, miezi miwili iliyopita niliweka hapa picha ya mazungumzo yangu na mdogo wangu. Yalikuwa mambo yangu na yake. Nilimwaibisha, na haukuwa utani. Mwenye picha hiyo kwenye simu yake naomba aifute. Sihitaji majibu."

Usimtaje kwa alama ile inayoliza simu yake. Usiongeze "lakini naye". Usiweke sura ya kulia. Atakayejibu kwa kuchochea usimjibu, na wachochezi hawatakosekana. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na kuna watu mle wameacha majembe nyumbani kwa makusudi. Huyo mfanyakazi mwenzako mwenye #31# naye ningemkabidhi la kwake.

Kisha andika karatasi. Ndiyo, karatasi, kwa mkono, ikipelekwa na mtu mmoja mnayemheshimu wote, mjomba wenu kama yupo. Mpelekaji asitumwe kubembeleza wala kuleta jibu, aikabidhi tu na aendelee na mazungumzo mengine. Kwa nini si ujumbe wa simu? Kwa sababu ujumbe kutoka namba nyingine ni kuruka ukuta, na kutoka namba yako haufiki. Ulizomtumia WhatsApp tangu akufungie hazitamfikia kamwe, hata akikufungua kesho. Zile za usiku wa manane, maana najua zipo, zimekufia mkononi. Shukuru. Meseji za kawaida ndizo za kuangalia: kwenye baadhi ya simu za Android huenda zikawa zimekaa kwenye folda ya barua taka na namba zilizozuiwa, na siku akiifungua atazikuta zimepangana. Kama uliandika matusi huko, usishangae yakirudi.

Suala la mama usilifanye ufunguo. Umelitaja mwishoni, baada ya mengine yote, na nimeona ulivyolitaja. Mama ana simu, na namba ya mama haijafungiwa. Mdogo wenu wa kati anaongea naye kila siku. Tarehe ya upasuaji, nani atamsindikiza, nani atalala naye, yote yapitie kwa huyo wa kati, naye ayafikishe kwa pande zote mbili bila kubeba ugomvi wenu. Ikitokea dharura ya kweli, huyohuyo ndiye wa kupiga. Siku ya upasuaji mnaweza kukutana mlangoni. Mwamkie, mpishe kiti, mzungumzie jicho la mama. Zile dakika tano zako za kujieleza usizitoe mfukoni pale.

Na pesa. Unasema si pesa unayoitafuta, nakuamini nusu. Kaa na mume wako mwamue: mnaisamehe au mnaidai? Kama mnaidai, idai siku nyingine, kwa maandishi mengine. Ikiingia hata neno moja kwenye hiyo karatasi, ataisoma kama barua ya mdai iliyovaa nguo za dada.

Mume wako kasema uache. Kuacha anakosema yeye nadhani ni kuacha kupiga, na hapo niko naye. Unaogopa kwamba ukinyamaza ni kama umekubali hamna undugu. Ila fikiria kufuli lilivyokaa: liko upande wake. Kukubloki kumezuia wewe kuingia, hakujamzuia yeye kutoka. Anaweza kukupigia saa hii akitaka, simu yako itaita. Kwa hiyo usibadilishe namba. Ile laini mpya itoe kwenye simu. Yeye akipiga akute ni ileile anayoijua kwa kichwa, na akikuta inatumika arudie.

Sikuahidi kwamba atapiga, wala sikupi idadi ya wiki. Wapo wanaofungua baada ya siku tatu, wapo wanaokaa hadi msiba uwakutanishe. Unachoweza kukifanya wewe kinaishia kwenye ile karatasi.

Iwe fupi kuliko unavyotaka. Mimi ningeandika hivi:

"Mdogo wangu, nilikuaibisha mbele ya wakwe zako. Nimesema hivyo kwenye grupu na nakuambia na wewe. Sitakupigia kwa namba nyingine tena. Namba yangu ni ileile. Mpwa wako hakujua nilichotaka kufanya na simu yake, na amekukosa. Mfungulie yeye, hata kama mimi bado."

Na kabla hujaifunga hiyo karatasi, mwite kijana wako umsomee huo mstari wa mpwa, umwombe radhi kwa kumchukulia simu. Akisema mstari huo uutoe, utoe.